Umeshakula Wali? Darasa la Ujirani kutoka Kijiji cha Wakhmer



Ndugu zangu wanafunzi, sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wahariri waliponiomba niandike ukurasa wa darasa wa toleo hili, nadhani walitegemea niandike juu ya mpunga, kwa kuwa kilimo cha mpunga ndicho ninachosomea. Nitaandika juu ya mpunga, lakini nitaanzia kwenye sahani.

Mwaka wangu wa tatu wa masomo nilipelekwa Kambodia kwa mafunzo ya vitendo, nikakaa miezi mitatu, kuanzia Julai hadi Oktoba, katika kijiji cha Wakhmer mkoani Kampong Cham. Katika kijiji kile Mwislamu nilikuwa mimi peke yangu. Niliondoka Kigali na hofu moja kubwa: nitakula nini kule? Mama yangu alinijazia nusu ya sanduku kwa biskuti na tende. Nilirudi na hofu ya namna nyingine. Nyumbani kwetu Biryogo tuna jirani asiye Mwislamu ambaye ukuta wake umegusana na wetu tangu nizaliwe, nami sijui siku yake inaanzaje wala inaishaje. Ya watu walio mbali namna ile niliyajua, ya huyu wa ukutani sikuyajua.

Darasa hili lina sehemu tatu: kwanza siku ya kijiji ilivyo, pili habari ya sahani, tatu mafunzo. Mwishoni nimeweka maswali kwa ajili ya halaka zenu.

NCHI NA WATU WAKE

Wakhmer ndio wengi katika Kambodia, na karibu wote ni wafuasi wa dini ya Budha. Nchi yao sehemu kubwa ni tambarare ya maji. Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba, na Mto Mekong hujaa kiasi kwamba ule mto unaotoka Ziwa Tonle Sap kwenda kuungana nao husukumwa nyuma, ukageuza mkondo na kuyarudisha maji ziwani. Ziwa hupanuka mara kadhaa ya ukubwa wake wa kiangazi. Mvua zikiisha, mto hugeuka tena na maji hushuka kuelekea baharini pamoja na samaki wengi mno. Maisha ya kijijini yote yamepangwa kwa kupanda na kushuka kwa maji hayo.

Jina Kampong Cham lenyewe lina habari yetu ndani yake. Maana yake ni bandari ya Wacham, yaani mahali pa kuegesha mashua. Wacham ni Waislamu wa Kambodia. Asili yao ni ufalme wa Champa, uliokuwa katika pwani ya Vietnam ya leo, na wengi wao hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, kama Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Wanaishi zaidi kandokando ya mito. Ni wavuvi, wafanyabiashara wa ng'ombe na wachinjaji. Kijiji chao kilikuwa mwendo wa kama nusu saa kwa baiskeli kutoka kwetu, na ndiko nilikokwenda kila Ijumaa.

SIKU YA KIJIJI

Wenyeji wangu walikuwa wazee wawili. Kule hakuna mtu anayemwita mwenzake kwa jina tupu. Kila mtu ni ndugu wa aina fulani: aliyekuzidi kidogo ni *bong*, yaani kaka au dada mkubwa, aliyewazidi wazazi wako umri ni *om*, mzee wa kiume ni *ta*, na bibi ni *yeay*. Basi nami nikawaita Ta na Yeay, na watoto wakaniita bong. Mwenzangu mmoja, mwanafunzi Mkhmer wa chuo kimoja cha huko, alikaa nami akinitafsiria.

Nyumba yao, kama nyingi za pale, ilikuwa ya mbao juu ya nguzo ndefu. Juu ni pa kulala, na viatu huachwa chini ya ngazi. Chini ya sakafu ndipo maisha yote yanapofanyika: kitanda kikubwa cha mianzi ambacho huliwa juu yake, hupokelewa wageni juu yake na hulalwa mchana juu yake; kitambaa kilichofungwa kwenye nguzo mbili cha kumbembelezea mtoto; kuku; pawatila, ambayo wao huiita "ng'ombe wa mashine"; na upande wa nyuma ng'ombe wenyewe wawili. Mbele ya nyumba husimama mitungi mikubwa ya saruji, mingine inanifika kifuani, inayokinga maji ya mvua kutoka kwenye paa. Hayo ndiyo maji ya kunywa na ndiyo niliyotawadhia.

Sisi kwetu tukiswali huelekea kaskazini. Kule kibla ni magharibi, linakotua jua. Alfajiri ya kwanza nilijikuta naelekea kaskazini kwa mazoea, nikakumbuka na kugeuka, na nilipogeuka nikamwona Ta amekaa kwenye ngazi ananitazama. Hakusema kitu. Kesho yake nilikuta mkeka umeshatandikwa, umeelekezwa magharibi barabara. Nilimwuliza amejuaje. Akasema: "Niliona ulivyogeuka."

Alfajiri hiyo Yeay tayari yuko jikoni. Huinjika uji wa mchele, *bobor*, unaoliwa na kipande cha samaki mkavu wa chumvi. Kabla jua halijawa kali, watawa wa hekalu la kijiji hupita wakiwa wamevaa nguo zao za rangi ya manjano, wamebeba bakuli. Hawaombi kwa mdomo. Husimama tu mbele ya nyumba, na wanawake hutoka bila viatu kuwatilia wali. Watawa hawali tena baada ya adhuhuri. Wengi wao ni vijana wadogo. Ni desturi mvulana kuingia utawa kwa miezi au miaka michache kisha akatoka, na zamani hapo ndipo wavulana wengi walipojifunza kusoma.

Baada ya uji ni shambani. Sisi tusemao Kiswahili tuna mpunga, mchele na wali, na Wakhmer nao wana maneno matatu yale yale: *srov* ni mpunga, *angkor* ni mchele, *bai* ni wali. Katika Kinyarwanda "umuceri" hutosha kwa yote. Niliwaambia hilo wanawake shambani, wakacheka wakasema Kiswahili basi ni lugha ya watu wenye akili. Na neno lao la kula chakula ni *nyam bai*, kula wali. Hata kama umekula mkate, umekula wali. Mtu akikutana nawe njiani hakuulizi hali, anakuuliza: "Umeshakula wali?"

Nilifika wakati wa kupandikiza. Mbegu hustawishwa kwanza kitaluni kwa muda wa kama mwezi, kisha miche hung'olewa, huoshwa mizizi kwenye maji, hufungwa matita na kupelekwa kwenye majaruba yaliyokwisha kulimwa. Wanaume hulima. Wanawake hupandikiza, wakiwa wamejipanga mstari mmoja, wameinama, wanarudi nyuma hatua kwa hatua, na kila mkono unachomeka miche mitatu minne kwenye tope. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilipewa tita la miche. Baada ya saa moja mstari wangu ulikuwa umepinda kama mkia wa mbwa, mgongo unaniwaka na ruba wawili wameniganda mguuni. Om mmoja alinitoa ruba kwa ukucha, akanitazama nilivyopanda, akang'oa vyote na kupanda upya bila kuacha kuzungumza na wenzake.

Kazi hiyo hufanywa kwa mpango uitwao *provas dai*, maana yake kuazimana mikono. Ndio ujima wetu. Leo kaya kumi zinakwenda kwa fulani, kesho kwa mwingine. Hakuna fedha, ila hesabu ipo na haisahauliki: ukija kwangu watu wawili siku moja, nami nitakuja kwako watu wawili siku moja. Mwenye shamba hupika chakula cha mchana.

Lakini mpango huo unapungua, na nimeona kwa nini. Katika mistari ile karibu wote walikuwa watu wazima. Binti yao Ta na Yeay yuko Phnom Penh katika kiwanda cha kushona nguo. Mtoto wao wa kiume yuko Thailand, anafanya kazi ya ujenzi. Mjukuu mmoja wa miaka sita ameachwa kwa bibi. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo. Wenye mashamba sasa hulipa vibarua, au huacha kupandikiza kabisa na kumwaga mbegu moja kwa moja shambani, ili wapunguze mikono.

Na nyuma ya safari nyingi kuna deni. Mkopo mdogo wa kununua mbolea, au pawatila, au kumtibu mgonjwa, huchukuliwa kwa kuweka hati ya ardhi rehani. Mvua ikichelewa, mkopo wa pili huchukuliwa kulipa wa kwanza. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa imefungwa. Mume na mke wote walikuwa wamekwenda Thailand ili hati irudi. Sisi tunasoma hukumu ya riba vitabuni na tunaitungia maswali ya mtihani. Mimi niliiona ikiwa ni mlango uliofungwa kwa kufuli na mbwa anayesubiri chini ya ngazi.

Jioni watu huoga kwa kata ya maji kutoka mtungini wakiwa wamejifunga saruni, kama sisi na kikoi. Kila mtu ana *krama*, kitambaa cha pamba chenye miraba midogo ambacho kazi zake sikuweza kuzimaliza kuzihesabu: ni kilemba cha jua, taulo, mkoba wa sokoni, mbeleko ya mtoto. Huko nje, mpaka upeo wa macho, imesimama mivumo, miti mirefu yenye majani kama vipepeo, ambayo jamaa yake iko pia Afrika. Kiangazi wanaume huipanda kwa ngazi ya mianzi iliyofungwa kwenye shina, wakakinga utomvu wake asubuhi na jioni na kuuchemsha ukawa sukari. Ukiachwa bila kuchemshwa hugeuka tembo. Wakati wangu ulikuwa wa mvua na shina huteleza, kwa hiyo niliona ngazi tu, na sukari ya mwaka uliopita katika chungu cha Yeay.

SAHANI

Sasa nirudi kwenye usiku wa kwanza, ambao sijivunii.

Yeay alikuwa amepika kwa ajili ya mgeni. Katikati ya kitanda cha mianzi kulikuwa na sinia ya wali, mchuzi mchachu wa samaki wenye ukwaju, na bakuli la nyama. Nilimwuliza mwenzangu ni nyama gani. Akasema nguruwe. Nami, badala ya kusema neno moja la kiungwana, nilirudi nyuma kama niliyeona nyoka, nikapunga mikono yote miwili, na uso wangu, najua, ulisema yaliyobaki. Hata mchuzi wa samaki sikuugusa. Nilipanda juu nikala tende za mama.

Yeay alitoa bakuli bila neno. Mwenzangu alinifuata, akaniambia kwa upole: "Nyama kwao si ya kila siku. Ameinunua kwa ajili yako."

Asubuhi Yeay hakuwapo. Alirudi kabla ya saa nne, amepanda nyuma ya pikipiki ya jirani, na mkononi ana chungu kipya, kisu kipya na kuku aliyechinjwa. Alikuwa amekwenda kijiji cha Wacham. Aliweka chungu kile pembeni, juu ya mafiga yake peke yake, akasema kwa mwenzangu: "Mwambie hiki ni chake. Hakitaingia kitu ambacho hawezi kula. Samaki nitampikia humu humu."

Nilidhani mwenzangu ndiye aliyemweleza. Hakumweleza. Nilipomwuliza Yeay alijuaje kwamba hata chungu kina maana kwetu, alisema tu, "Nilijua zamani," akaendelea kutwanga mchaichai na manjano kwenye kinu.

Alinieleza wiki kadhaa baadaye, jioni ya mvua, alipouliza nimetoka nchi gani hasa. Mwenzangu akataja Rwanda. Ta alikuwa amelisikia jina hilo redioni. Yeay alinyamaza kidogo kisha akasema: "Ninyi pia."

Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge waliingia Phnom Penh wakaishika nchi, na mpaka tarehe 7 Januari 1979 walipoondolewa, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.7 walikuwa wamekufa kwa njaa, maradhi, kazi za kulazimishwa na kuuawa. Walifuta fedha, soko, shule na dini. Watawa walivuliwa nguo zao, misikiti na mahekalu yakageuzwa maghala au yakabomolewa. Hata kupika nyumbani kulikatazwa. Watu walikula pamoja kwenye mabanda, uji mwembamba wa mchele, katika nchi ya mpunga, baada ya siku nzima ya kulima mpunga ambao hawakuruhusiwa kuugusa. "Tulibaki na kijiko," alisema Yeay. "Chungu kilikuwa kosa."

Wacham walitwishwa zaidi ya hayo. Lugha yao ilikatazwa, misahafu ikakusanywa, wanawake wakakatwa nywele na kukatazwa kujifunika, vijiji vyao vikatawanywa. Na walilazimishwa kula nguruwe. Novemba 2018 mahakama maalumu iliyoundwa na Kambodia pamoja na Umoja wa Mataifa ilimtia hatiani Nuon Chea, mtu wa pili katika uongozi ule, kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wacham na dhidi ya Wavietnam. Kosa hilo lilihukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mara ya kwanza hapa kwetu Afrika Mashariki, mjini Arusha mwaka 1998, kwa yaliyotendeka Rwanda.

Yeay wakati huo alikuwa binti wa miaka 16, katika kikosi cha kuchimba mifereji. Aliyelala ubavuni mwake alikuwa binti wa Kicham. "Siku moja walitupa nyama," alisema. "Sisi tulifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi. Yeye waliketi mbele yake wakamtazama mpaka ameze. Alimeza huku machozi yanaingia kijikoni. Mimi nilikuwa na njaa, nikala yangu yote. Sikumwambia kitu. Baadaye alihamishwa, sikumwona tena." Akanyamaza, mvua inapiga bati. "Usiku ule uliporudi nyuma, nilimwona yeye. Kwa hiyo nikanunua chungu."

Ndugu zangu, niliinama nikitazama mikono yangu. Kumbe uso niliomwonesha bibi yule ulikuwa umemrudisha kwenye jambo alilolibeba zaidi ya miaka 40. Mimi nilidhani nimekwenda kuihifadhi dini yangu katika nyumba isiyoijua. Nilimwomba radhi kwa usiku wa kwanza. Akacheka, akaniuliza: "Umeshakula wali?"

MAFUNZO

La kwanza: kusema hapana nako kuna adabu yake. Haramu ni haramu, na sikula. Lakini kukataa kulinitaka neno moja na tabasamu moja, si zaidi. Baadaye nilijifunza kusema kwa Kikhmer, "Asante, Yeay, dini yangu hainiruhusu," na hakuna hata mtu mmoja aliyechukia. Vivyo hivyo katika salamu. Wao huunganisha viganja viwili, kifuani kwa rika, juu zaidi kwa wazee na juu zaidi tena kwa watawa. Mimi niliweka mkono wa kulia kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Walinielewa.

La pili: kujizuia si kujitenga. Mwishoni mwa msimu huwa na Pchum Ben, siku 15 za kuwakumbuka waliokufa, ambapo kila kaya hupeleka chakula hekaluni tangu usiku wa manane. Ta alinialika. Nilikwenda kwanza kumwuliza imamu wa Kicham. Aliniambia: ibada yao usishiriki, wala usiikejeli, maana katika Surat al-An'am, aya ya 108, tumekatazwa kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, kisha tazama ni kazi gani isiyo ibada unayoweza kuwapunguzia. Nikamwambia Ta: "Hekaluni siwezi, lakini nendeni wote, nyumba nitailinda mimi." Basi mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu watoto wao waondoke, wazee wale walikwenda pamoja. Nilibaki na mjukuu aliyelala, nikakata nyasi za ng'ombe, nikapika uji. Ulikuwa mzito mno, lakini waliula.

La tatu: haki ya jirani haikuwekewa sharti la dini. Mtume (S.A.W.) ametueleza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Jibril hakuacha kumuusia juu ya jirani hata akadhani atamfanya mrithi. Na sahaba aliyeisimulia mojawapo ya mapokezi yake, Abdullah bin Amr, alipochinja mbuzi wake aliwauliza watu wa nyumbani kama wamempelekea jirani yao Myahudi, kisha akaitaja hadithi hiyo. Katika Surat al-Mumtahana, aya ya 8, Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Tumezihifadhi dalili hizi. Bibi wa Kibudha alizitenda mbele yangu bila kuzisoma.

La nne: jua siku ya jirani yako. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 13, tumeambiwa kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana ni zaidi ya kusalimiana langoni. Ni kujua anaamka saa ngapi, nani hayupo nyumbani, hati yake iko kwa nani, na kitu gani hawezi kumeza. Nchini kwetu mwaka 1994 jirani alikuwa mauti kwa wengi, na kwa baadhi alikuwa mlango uliofunguliwa, pamoja na milango ya Waislamu wa mitaa hii yetu ya Biryogo na Nyamirambo ambayo mpaka leo inasimuliwa. Mlango kama ule haufunguliwi na mtu aliyeanza kumjua jirani siku ile ile ya msiba. Ujirani wake ulianza zamani, kwa sahani na chumvi za kuazimana.

Siku niliyoondoka Yeay alikiosha chungu kile, akakigeuza juu chini kwenye rafu, akafunga kipande cha krama kwenye mkono wake kama alama. Alisema akija Mwislamu mwingine, asianze kwa tende.

Nilipofika Biryogo, jioni ya kwanza nilibisha hodi kwa jirani wa ukutani. Nilikuwa nimebeba sukari ya mvumo kutoka Kampong Cham. Alishangaa, akadhani kuna msiba. Niliketi kwake mpaka Isha. Nimejua sasa kwamba anaamka saa kumi usiku kwenda sokoni, na kwamba adhana yetu ya alfajiri humkuta njiani, na yeye huitumia kujua kama amechelewa.

MASWALI YA HALAKA

1. Taja majirani watatu wasio Waislamu wa bweni au mtaa wako. Unajua nini juu ya siku ya kila mmoja, na amekwambia nani?

2. Umealikwa chakula ambacho huwezi kukila. Andika sentensi moja ya kukataa ambayo mwenyeji wako hatalala akiifikiria.

3. Toa mfano wa shughuli ya kidini ya wengine ambayo huwezi kuishiriki, kisha taja kazi isiyo ibada unayoweza kuwasaidia siku hiyo.

4. *Provas dai* ina hesabu, lakini haina riba. Je, jumuiya yetu chuoni inaweza kuazimana mikono, au hata fedha za ada, kwa mpango kama huo? Nani atashika daftari?

Allah atujaalie kuwa majirani wema, na awaongoze na kuwalipa kheri wote walioweka mafiga ya pekee kwa ajili ya mgeni. Wabillahi tawfiq.